Gemu ya Watu Wasiocheza

Siku Ajenti alipoingia saluni na boksi kwapani, mkewe alikuwa amesimama nyuma ya kichwa cha karani wa benki, rasta begani, kitana mkononi, akigawa nywele. Hakugeuka. Mtu anayegawa nywele hageuki hata nyumba ikiungua, maana mstari ukishapinda umepinda, na yeye watu walimwita Dada Mistari kwa sababu mistari yake ilinyooka. Hiyo ndiyo mali aliyokuwa nayo duniani, vidole vyake na hilo jina.

"Mke wangu," Ajenti akasema, akitua boksi juu ya meza ya mafuta, "leo tumetoka."

"Tumetoka wapi?"

"Kwenye dhiki."

Waliokaa kwenye benchi wakaangua kicheko. Huyo Ajenti hakuwa ajenti wa kitu chochote. Alishinda kwenye maduka ya simu na redio akitafuta cha kuwauzia wenzake, na kila alichokishika kilimdodea mkononi. Jina alipewa kwa kejeli, naye akalipokea kama cheo. Chakula cha nyumbani kwake, dawa za mama yake, hata shati alilovaa siku ile, vyote vilitoka kwenye vidole vya mkewe. Alijua hivyo, mtaa mzima ulijua, na hilo lilimkera kila asubuhi alipoamka.

Akafungua boksi. Ndani mlikuwa na vidude vinne vya kioo, vyenye vitufe huku na huku, vyepesi, vya rangi ya kung'aa.

"Gemu ya mkononi. Mpya kabisa. Mji huu hakuna aliye nayo."

"Ya watoto hiyo," karani akasema bila hata kukitazama.

"Hapo ndipo mnapokosea! Tajiri mwenye mzigo kaniambia, vijana watanunua tu, hao hawamnyimi usingizi. Anachotaka kujua ni kama wasiocheza watacheza. Mama wa nyumbani. Mwalimu. Mlinzi wa duka. Dada kama wewe, unayesema huna muda wa upuuzi. Akiwapata nyinyi, kaupata mji. Sasa niambieni, ni wapi tena mtu mzima anakaa tangu asubuhi mpaka jioni, mikono mitupu, hana pa kwenda?"

Wote walikuwa wamekaa tangu asubuhi, mikono mitupu. Hata Dada Mistari, pamoja na uchungu wote aliokuwa nao juu ya biashara za mumewe, alikiri moyoni kwamba safari hii mtu huyu alikuwa amefikiri.

"Kwangu watu wanakuja kuongea," akasema.

"Wataongea huku wanacheza."

"Na huyo Tajiri anatupa bure? Kwa sura yako?"

"Anatupa kwa majaribio. Mwisho wa mwezi anakuja mwenyewe kuona kwa macho yake. Akikuta wasiocheza wanacheza, uwakala ni wangu, kibao kinapanda juu ya mlango huo. Asipokuta, anachukua vitu vyake, tunabaki tulivyo." Akakohoa, akapunguza sauti, kana kwamba chumba kile kilikuwa na pembe ya kupunguzia sauti. "Ila kikiharibika hata kimoja, nimemwambia draya ipo."

"Draya gani?"

"Kwani tunazo ngapi?"

Kitana kikasimama katikati ya kichwa cha karani. Ile draya ya kusimama, yenye kofia ya kukaushia nywele, ndiyo iliyoitofautisha saluni yake na wasusi wa barazani. Mumewe alikuwa ameiweka rehani bila kumuuliza, na sasa anamtangazia mbele ya wateja. Na mbele ya wateja mwanamke mwenye saluni hagombani na mumewe. Mteja akikusikia leo unalia na mume, kesho anakuja na bei yake mkononi. Ajenti aliijua vizuri sheria hiyo. Ndiyo maana alisubiri benchi lijae.

"Sawa," akasema, akaendelea kugawa nywele.

Karani akatabasamu kwenye kioo. Alikuwa amesikia kila neno.


Wa kwanza kujaribiwa alikuwa mama yake Ajenti. Bibi huyo alikaa nao nyumbani, chumba cha nyuma, na kazi yake kubwa ilikuwa kuonja. Mchuzi wa mkwewe ulikosa chumvi, chai ilikosa sukari, na siku vyote vilipokuwa sawasawa alisema vimechelewa.

"Mimi ni mtoto?" alimwambia mwanawe alipopewa kidude. "Kitoe hapa. Kitanichosha macho."

"Jaribu tu, mama. Ni mbuzi. Kaiba mboga, mwenye mboga anamfukuza, naye anakimbia juu ya mapaa ya watu. Paa likiisha unabonyeza hapa, anaruka."

"Na asiporuka?"

"Anaanguka."

"Mjinga basi," Bibi akasema, akabonyeza. Mbuzi akaanguka, akalia meee. "Hee! Mbona nimebonyeza? Kidude chako kibovu. Lete tena."

Siku hiyo Dada Mistari aliporudi kutoka saluni, akapika, akaandaa, akasimama pembeni akingoja kusutwa. Bibi alikula kwa mkono mmoja bila kutazama sahani. Akamaliza. Hakusema neno juu ya chumvi. Tangu aolewe, ilikuwa mara ya kwanza, na yule mwanamke, jamani, akafurahi. Akajisemea huenda kitu hiki si kibaya. Alienda kulala na moyo mwepesi, akiwa amemsamehe mumewe hata ile habari ya draya.

Asubuhi Bibi hakuomba dawa wala chai. Aliomba chaji.


Saluni ilichukua muda kidogo zaidi, lakini si sana. Karani wa benki alishika kidude siku moja "kupoteza wakati tu", akacheka kilivyolia, akakiweka. Akakishika tena. Alipokuja kufumua ili asuke upya, neno lake la kwanza halikuwa habari za kazi.

"Kiko wapi kile?" akauliza.

Akafuata mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mkali ambaye wanafunzi walimsikia viatu wakanyamaza. Huyo alisema anataka kukagua tu, ajue watoto wanaharibiwa na nini. Alikagua mpaka kichwa kizima kikaisha, akaomba aendelee kukagua kwenye benchi. Akafuata mlinzi wa duka la jirani, aliyeingia kuomba maji ya kunywa akasahau kunywa. Ajenti alipita mlangoni kutwa, akihesabu kwa macho, akimpigia Tajiri simu kwa sauti ya kusikika na mtaa.

"Wasiocheza, bosi! Wasiocheza kabisa! Nakwambia huyu mwalimu alikuwa anachapa watoto kwa sababu ya gemu!"

Dada Mistari alichopata ni kimya. Kabla ya hapo saluni yake ilikuwa soko la habari. Alijua nani kahama, nani karudiana na nani, nani ana mimba hajamwambia mumewe, na yeye mwenyewe pale ndipo alipopumulia. Nyumbani hakuwa na wa kuongea naye. Sasa alisuka visogo. Akiuliza, "Vipi mwanao, kapona?" anajibiwa, "Ngoja, ngoja, yuko juu." Wa juu ni mbuzi. Basi anangoja, na swali lenyewe linamfia mdomoni.

Tena vichwa havikutulia. Mbuzi akiruka, mtu anaruka naye. Mbuzi akianguka, mtu anajitupa mbele. Kitana kilikuwa kinakwenda sawa mara kinachepuka, na Dada Mistari anafumua, anagawa upya, anafumua. Siku moja mwalimu alijitazama kwenye kioo akakunja uso.

"Mbona mstari huu umepinda?"

"Ulikuwa unaruka, mwalimu."

"Nani? Mimi nimekaa tuli kutwa nzima. Sema umezeeka, dada, usinisingizie." Akatoa pesa pungufu, akaziweka juu ya meza ya mafuta, wala si mkononi. "Mstari uliopinda siulipii."

Waliokuwepo hawakuinua hata macho. Dada Mistari aliziokota zile pesa, na masikio yalimwaka moto. Umezeeka! Katika maisha yake yote ya kusuka hakuwahi kurudishiwa kichwa.

Lakini lililomtisha hasa lilikuwa maji. Rasta zikishasukwa, ncha zake huchovywa kwenye maji yanayochemka ili zikaze zisifumuke, na hiyo ndiyo kazi ya mwisho na ya hatari kuliko zote. Dada Mistari alikuwa na utaratibu wake, hakuuvunja kamwe. Anakusanya rasta zote kwa nyuma, anazizungusha kwenye kiganja cha kulia zisitawanyike, anashika jagi la maji kwa kushoto, halafu anaita kwa sauti: "Maji!" Hapo saluni nzima inakuwa kaburi. Mteja anaweka mikono mapajani, anakaza shingo, na hata mwenye kisa kitamu anakikata katikati. Wateja wapya waliucheka utaratibu huo mara moja tu, mpaka waone moshi wa jagi.

Siku moja aliita "Maji!" na mteja hakusikia. Akaita tena. Mteja akasema "mmh" akaendelea kubonyeza. Dada Mistari akaweka jagi chini, akanyoosha mkono, akamtoa gemu mikononi kama mama anavyomnyang'anya mtoto kisu.

"We! Una wazimu? Nilikuwa nimefika mbali!"

"Maji ya moto, mdogo wangu."

"Ungesema!"

"Nimesema mara mbili."

Yule mteja alitoka amevimba, akamkuta Ajenti nje, akamwaga yote. Ajenti akaingia. Safari hii hakujali benchi, au pengine alilijali sana.

"Unanyang'anya watu gemu?"

"Ninachovya nywele, mume wangu. Mtu akishtuka nina maji ya moto mkononi."

"Unanifukuzia wateja."

"Ni wateja wangu."

"Walikuwa wako," Ajenti akasema, na karani, aliyekuwa akisubiri zamu yake, akacheka puani. "Sasa hivi waulize wanakuja kwa ajili ya nini. Haya, waulize!"

Hakuwauliza. Aliogopa jibu.


Siku ya Tajiri ilipofika, Ajenti aliipanga saluni kama jukwaa. Alimleta mama yake kutoka nyumbani, akamvika kitenge kipya, akamweka kwenye benchi na kidude chake, ili Tajiri aone hata vikongwe wamo. Mwalimu aliombwa, akajifanya amepita tu. Mlinzi aliacha duka la watu wazi. Na kwenye kiti cha kusukia, mbele ya kioo, alikaa karani wa benki, mwenye sketi ya kazi na saa ya dhahabu, kwa sababu Ajenti alimtaka Tajiri aone mtu wa hadhi.

Tajiri alichelewa. Kichwa cha karani kikaisha. Rasta zilimshuka mpaka kiunoni, bado kuchovywa tu, na maji yalikuwa yanachemka kwenye jiko.

"Simamisha," Ajenti akanong'ona. "Akimaliza ataondoka. Ngoja bosi afike."

"Maji yatakauka."

"Ongeza mengine!"

Akaongeza. Yakachemka upya. Hapo ndipo Tajiri akaingia, mtu mfupi, mpole wa sauti, mwenye kupenda kusimama mlangoni na kutazama bila kusalimia. Akatazama benchi. Akamtazama Bibi aliyekuwa ametoa ulimi nje kwa juhudi. Akamtazama karani kwenye kioo, kidude mikononi.

"Huyu naye ni wa wasiocheza?" akauliza.

"Huyu ni mtu wa benki, bosi. Alikuwa anasema ni upuuzi wa watoto."

"Anafanyiwa nini?"

"Anamaliziwa nywele. Mke wangu, malizia, bosi aone kazi inavyokwenda huku mtu anacheza." Halafu akamsogelea mkewe sikioni, akamnong'oneza huku anatabasamu kwa ajili ya mgeni: "Na usithubutu kupiga kelele zako za maji. Usimkatishe. Ukimkatisha leo, mimi na wewe basi."

Dada Mistari alikusanya rasta. Akazizungusha kwenye kiganja cha kulia, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka vidole vikafungwa humo. Akainua jagi. Neno lilimfika kooni kwa mazoea, akalitazama jicho la mumewe, akalimeza. Sijui angefanya nini. Wako wanaosema angelisema tu, liwalo na liwe, na hao ni watu ambao hawajawahi kulala kwenye nyumba ya mwanamume mwenye jicho lile. Alifanya kitu kidogo alichokiweza. Alimgusa karani begani kwa kiwiko, polepole.

Karani alikuwa mbali. Mbuzi wake alikuwa juu ya paa ambalo hajawahi kulifikia. Ncha za rasta zikaingia kwenye maji, moshi ukapanda, na mbuzi akaanguka.

Karani akajitupa mbele.

Rasta zikavutika, jagi likaja nalo, na maji yote yakamiminika juu ya ngumi iliyofungwa. Wenye kujua rasta wanajua kwamba zinakunywa maji na kuyashika. Mkono wa Dada Mistari ulikuwa umezungushiwa nywele zinazochemka, na kadiri alivyouvuta ndivyo karani alivyovuta kwa mbele, na nywele zikazidi kukaza.

"Niachie!" karani akapiga ukelele. "Unaning'oa nywele! Niachie, mwanamke wewe!"

"Rudi nyuma! Dada, rudi nyuma!"

"Ananichoma! Mgongo wangu!"

Yalikuwa matone tu kwenye blauzi. Dada Mistari alipiga magoti ili nywele zilegee, akachomoa kidole kimoja kimoja, na ngozi ilibaki kwenye rasta. Sauti aliyotoa haikuwa ya kulia. Ilikuwa ya mtu anayekata roho.

Ajenti alikuwa wa kwanza kufika. Aliruka benchi, akampita mkewe, akamkamata karani viganja na kuitoa gemu mikononi mwake. Akaifuta kwa shati. Akaigeuza, akaipuliza kwenye matundu, akabonyeza.

"Imelowa?" Tajiri akauliza pale mlangoni.

"Kidogo tu, bosi. Inawaka. Hii hapa, inawaka!"

Tajiri akaja karibu, akaipokea, akaitazama. Halafu akamtazama karani, aliyekuwa bado ameinua mikono kama vile kidude kimo, vidole gumba vikichezacheza. Uso wa Tajiri ukafunguka.

"Hakuiachia," akasema taratibu. "Umeona? Kelele, maji ya moto, anavutwa nywele, na hakuiachia mpaka ulipoitoa wewe. Mimi nimewaonyesha watu bidhaa maisha yangu yote. Wanapokea, wanatabasamu, wanakurudishia." Akampa Ajenti mkono. "Kibao utapandisha kesho."

Ajenti akatokwa machozi. Kweli kabisa, alilia, na mama yake akamlilia kwa furaha pale pale kwenye benchi.

Chini, nyuma ya kiti, Dada Mistari alikuwa ameushika mkono wake kwa mkono mwingine. Mambo ya kazi yakimkaa mtu yanamkaa. Alimtazama karani kwa chini, akasema, "Samahani, dada. Samahani sana."

"Samahani itanimalizia nywele? Kesho niko dirishani benki!"

Mwalimu ndiye aliyesema jamani mpelekeni hospitali. Alilisema baada ya mbuzi wake kuanguka, maana naye alikuwa amefika pazuri.

"Atakwenda," Ajenti akajibu, akijipangusa macho. "Bosi hajanywa hata soda. Mama, mwingize nyuma umtie dawa kwanza. Akitoka sasa hivi analia barabarani, watu watasema gemu imeunguza mtu."

Basi Bibi akamwingiza nyuma ya pazia, akamkamulia dawa ya meno juu ya mkono mzima, akaufunga kwa kitambaa cha kupigia deki, akamwambia ashukuru, uso umepona. Dada Mistari alikaa juu ya ndoo akisikiliza glasi zikigongana upande wa pili. Tajiri hakuwa mtu wa haraka. Alipenda kujua bei za maduka ya jirani, idadi ya shule, na kama wanawake wa mtaa ule walikuwa na mazoea ya kulipa kidogo kidogo. Alikunywa soda ya kwanza, akaletewa ya pili.


"Nani kakupaka dawa ya meno?" nesi aliuliza siku hiyo jioni, akibandua kitambaa pamoja na kilichoshikana nacho.

"Mama mkwe."

"Na mbona umechelewa hivi?"

"Tulikuwa na mgeni."

Nesi akamtazama, akamtazama Ajenti aliyekuwa pale mlangoni akiongea na simu juu ya rangi za kibao, akaendelea kubandua. Wamezoea hao.

Vidonda vilipofunga, vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunja na havikunjuki. Kidole gumba kilicheza, cha shahada kilicheza nusu. Nesi alimwambia ukweli akiwa peke yake. Kitana atashika. Kugawa nywele, kuzipokezana, kukaza msuko, hapana.

"Nifanye mazoezi?"

"Fanya. Bonyezabonyeza kitu kidogo kila siku, hicho kidole gumba na cha shahada visikakamae navyo. Kwa hivyo vingine nisikudanganye, mama."

Ajenti aliambiwa akiwa juu ya ngazi, akigongelea kibao cha pili.

"Kusuka basi?"

"Basi."

Akatoa msumari mdomoni. Inawezekana alihuzunika, binadamu hajulikani. Halafu akashuka ngazini, akatazama ndani, akapima ukuta kwa macho.

"Basi ile draya inakaa pale kwa kazi gani? Nahitaji pa kuweka kabati la vioo."

Iliuzwa wiki hiyo kwa msusi wa barazani aliyekuwa na sifa ya mistari iliyopinda. Karani wa benki akawa mteja wake.


Duka lilijaa. Tajiri hakukosea, wasiocheza walikuja, wakanunua kwa kulipa kidogo kidogo, wakarudi kutafuta chaja. Lakini Tajiri ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara hashibi. Siku alipokuja kukagua alimkuta Dada Mistari kwenye kona, amekaa kwenye kiti kile kile cha kusukia, ambacho hakikupata mnunuzi, anabonyezabonyeza kizibo cha chupa kama alivyoelekezwa na nesi.

"Anafanya nini?"

"Mazoezi ya mkono, bosi."

"Kwa kizibo?" Tajiri akacheka kwa upole wake. "Wewe una duka la vitufe, mkeo anabonyeza kizibo? Mpe gemu. Mweke hapo mbele, mlangoni. Kuna watu bado wanaogopa, wanasema vitufe vigumu, wao wazee, mikono mizito. Wakimwona huyu na mkono huu, nani atasema hawezi?"

Ajenti akampa Tajiri mkono kwa furaha. Kiti kikasogezwa mlangoni jioni hiyo hiyo.

"Mimi sichezi," Dada Mistari akasema.

"Hujajaribu."

"Sitaki kukaa hapo watu wakinitazama mkono."

"Kwani unatazamwa kwa nini kingine?" Ajenti hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza bei. "Sasa hivi mimi ndiye ninayekulisha. Mimi sikukaa kwako nikila bure bila kazi." Alikuwa amekaa, miaka, lakini hilo sasa ni la zamani na hakuna aliyelikumbuka isipokuwa yule asiyeweza kulisema. "Kaa hapo. Mkono wa kulia uwe juu, uonekane. Wakikuuliza, sema unapenda."

Akakaa. Wateja wake wa zamani walipita, wengine wakamsalimia, wengine wakajifanya wanatafuta kitu kwenye mikoba. Mwalimu alisimama, akamtazama vidole, akasema maskini, akaingia ndani kununua chaja.

Halafu akaja mwanamke mgeni na mama yake mzee. Yule mzee alikuwa na vidole vilivyovimba kwenye maungio, na alikuwa anakataa. Yeye ameishi bila kubonyeza chochote na atakufa hivyo hivyo. Bintiye akamwonyesha mlangoni.

"Mama, mtazame dada huyu. Mtazame mkono wake, na anacheza."

Mzee akasogea, akainama kabisa. Hakuitazama gemu. Alitazama vidole vitatu vilivyojikunja, kovu lililong'aa, na namna kidole gumba kilivyotetemeka kila kilipobonyeza, maana Dada Mistari alikuwa amekaa hapo tangu duka lilipofunguliwa.

"Mwanangu," mzee akasema kwa sauti ya chini, "si inakuuma?"

Katika muda wote ule, tangu yale maji, hakuna mtu mwingine aliyekuwa amemuuliza. Macho yakamjaa. Akafungua mdomo. Nyuma ya kabati la vioo Ajenti alikuwa ameacha kufunga mzigo, anamtazama, jicho lile lile.

"Haiumi, mama," Dada Mistari akasema. "Inasahaulisha. Ukicheza unasahau kila kitu."

Mzee akamtazama kidogo zaidi, akamwamini, akageuka kwa bintiye akasema basi, ninunulie na mimi. Wakanunua viwili, kimoja cha mzee, kimoja cha dada yake aliyelala kitandani.

Walipoondoka, Ajenti alikuja mlangoni akamwekea mkewe mkono begani. Ilikuwa siku nyingi hajamgusa.

"Hilo la kusahaulisha ni zuri sana," akasema. "Umelitoa wapi? Kesho useme hivyo hivyo, na ukiweza, toa na machozi."